Taa Isiyoona Baiskeli

Jumatatu, 2 Machi

Dakika kumi na moja! Nimezihesabu kwenye saa ya mkononi, moja moja, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedali. Taa ya njia panda pale kituo cha mafuta imeniwekea nyekundu dakika kumi na moja nzima, na barabara ninayotokea haikuwa na hata paka. Wakati huohuo barabara kuu inakula kijani chake bila kushiba, malori ya kokoto yanateremka mlima utadhani yanafukuzwa. Mimi je? Mimi hewa.

Halafu gari likaja nyuma yangu, likasimama. Sekunde tano — kijani. Tano tu!

Na gari lenyewe la nani? La Pafyumu, namwita hivyo kwa manukato yake. Tunafanya kazi chumba kimoja hospitalini, kusafisha na kuchemsha vyombo vya upasuaji, mwaka wa sita sasa. Ukikaa karibu naye huhitaji dawa ya mbu. Akanipita kwa kihoni cha dharau — pi! — nikala vumbi lake mpaka getini.

Mashine ya vidole imeandika saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Dakika nne! Metroni akatoa kalamu yake, akapiga alama nyekundu mbele ya jina langu. Nyekundu tena. Siku nzima rangi moja.

Jumanne, 3 Machi

Imejulikana. Mkuu wetu wa chumba anastaafu mwisho wa mwezi. Metroni katukusanya kabla ya chai, kasema atamtaja mrithi wake Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Kasema kazi ya chumba hiki ni kuwahi: mashine ya mvuke isipowashwa saa kumi na mbili na nusu, daktari atabaki mikono hewani anangoja mikasi. Ukiwa na alama tatu za kuchelewa mwezi huu, usijisumbue hata kuomba.

Waombaji wawili. Mimi na Pafyumu. Mimi nina miaka kumi na minne humo ndani, kila koleo nalijua kwa mlio wake likidondoka. Yeye ana gari.

Nakitaka cheo hiki. Hapa naandika peke yangu, sina wa kumfanyia unyenyekevu. Nakitaka!

Alhamisi, 5 Machi

Nimetoka nyumbani robo saa mapema. Nilijiona mjanja. Kumbe nikiwahi ndiyo nachelewa — saa hiyo hakuna gari hata moja la kuja nyuma yangu! Nimekaa pale dakika kumi na nane. Kitufe cha waenda kwa miguu kiling'olewa zamani, limebaki tundu na nyaya mbili. Mama ananiambia subira yavuta heri. Heri ya nani? Subira yangu imevuta Pafyumu tena, na gari lake, na pi! yake.

Nimegusa mashine saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa, jasho mpaka kwenye soksi.

Pafyumu, akivaa glavu, akaniambia, kwa ile sauti ya kunihurumia, si ningevuka tu, taa ni taa, alfajiri ile nani anakuona.

Mimi sivuki. Mwezi uliopita fundi cherehani mmoja alivuka nyekundu, palepale, kwa baiskeli. Lori la kokoto. Sikumwona uso. Sisi hatuoni nyuso, tunaona trei. Siku ile ilirudi trei kubwa ya vyombo vya mifupa, tukaiosha, tukaichemsha, ikaenda, ikarudi. Mara tatu mpaka jioni. Mara ya nne hawakuja kuichukua. Msumeno ule niliusugua kwa mkono wangu, na aliyenishikia mpira wa maji ni huyuhuyu Pafyumu. Amesahau? Au anajifanya?

Jumamosi, 7 Machi

Dada kaja na mumewe. Shemeji ni fundi wa kuchomelea mageti, anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Nimemweleza habari ya taa. Hakufikiri hata kidogo.

"Mzani huo! Chini ya lami kuna mzani. Gari likikanyaga, taa inapata habari. Wewe mwepesi, shemeji, taa inakuona jani."

Nimechukua muda kuamua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Mama anacheka mpaka anajifuta machozi. Anasema basi nile vizuri.

Jumatatu, 9 Machi

Siandiki yote, naona aibu hata mbele ya daftari.

Matofali manne kwenye kapu. Mawili nyuma, nimeyafunga kwa mpira. Nikafika kwenye taa nikasimama juu ya pedali, nikaanza kurukaruka. Nyekundu. Nikaruka zaidi. Muuza magazeti wa kituo cha mafuta akaacha biashara yake, akaja kuniuliza polepole kama naona kizunguzungu, basi nikae kivulini aniletee maji.

Nyekundu! Na Pafyumu leo ilikuwa zamu yake ya mchana, kwa hiyo hakupita. Ilikuja teksi moja, baada ya karne.

Alama ya pili. Metroni akachungulia kapu, akauliza matofali ya nini. Nikasema ya mazoezi. Akaandika kitu kingine pembeni ya alama, sijui nini.

Imebaki moja. Shemeji asikanyage kwangu mwezi huu.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimempata mtu wa kumgombeza! Fundi wa taa, juu ya ngazi, saa kumi jioni, anafuta vioo vya Macho Matatu (ndilo jina nililompa: macho matatu na hakuna hata moja linaloniona). Nikaegesha baiskeli nikamwanza kutoka chini. Nilisema mengi. Alinisikiliza yote huku akifuta, kisha akashuka, akasema hakuna mzani wowote.

"Nani kakudanganya, dada? Ni waya. Tumeufukia kwenye lami, unasikia chuma."

Akanionyesha: mstari umekatwa barabarani, mraba mrefu wa ukubwa wa mlango. Miaka yote hii nimekuwa nikisimama katikati yake! Akasema baiskeli ikisimama wima, chuma chake ni chembamba mno, waya hausikii. Ilaze. Ilaze juu ya mstari, ndani ya mraba.

Nikailaza. Tukangoja. Nilihesabu, nikafika sita — kijani! Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamuuliza kwa nini hawakuandika kibao, watu tungejuaje. Akasema niandike barua. Akapanda ngazi yake.

Ijumaa, 13 Machi

Inakubali. Nafika, nashuka, nailaza chini kama ninayetandika mkeka, nasimama pembeni mikono kiunoni. Macho Matatu anakubali. Nikiinua baiskeli nakimbia nayo, maana kijani chake nacho ni cha kunyimana.

Ninachukia kila sehemu ya jambo hili. Kuishusha. Kuinama. Mnyororo umenichafua sketi ya sare. Pafyumu aliniona jana, leo chumba chote cha upasuaji kinajua kwamba naipigia taa magoti. Daktari wa usingizi, mtu mzima, kaniuliza kama taa imejibu maombi yangu.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nimemngoja chini. Hashuki!

Lakini sijachelewa.

Jumanne, 17 Machi

Saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa. Nimemtangulia! Pafyumu kaingia kakuta mashine ina mvuke, trei zimepangwa, mimi nafuta meza iliyokwisha kufutwa. Raha niliyoisikia si ya mtu mwema.

Alhamisi, 19 Machi

Nimewahi. Mkuu kanishika bega akasema chumba kitakuwa salama. Hakusema mikononi mwa nani. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 23 Machi

Wameweka lami mpya!

Mwisho wa juma wote wamefanya kazi, nyeusi tii, laini, inanuka. Mstari haupo. Mlango wangu umefunikwa. Nimelaza baiskeli hapa, nimelaza pale, nimeizungusha kama mkono wa saa. Muuza magazeti safari hii alitikisa kichwa tu.

Nikasikia injini. Sikugeuka, naijua. Pafyumu akasimama nyuma yangu, na baada ya kitambo taa ikampa kijani chake. Dakika ishirini na tisa nimegusa mashine. Nimefika kwa hisani ya yule yule ninayetaka kumshinda. Bora ningekula lami.

Jumatano, 25 Machi

Siku tatu sasa namngoja adui yangu. Asubuhi natega sikio, moyo unaruka nikisikia lile gari lake linalokohoa likibadilisha gia. Likikawia nakasirika — namkasirikia Pafyumu kwa kuchelewa kuja kunidharau!

Leo hata kwake taa ilisita. Nilihesabu arobaini kabla ya kijani. Akapiga honi, utadhani mimi ndiye niliyeishika. Nafasi ya kupita ilikuwepo. Taa ndiyo iliyogoma.

Nimefikiria ile njia ya darajani. Ni nusu saa zaidi, na kipande cha mwisho ni matope. Nimefikiria kuvuka kwa miguu, kukimbia na baiskeli begani kati ya malori. Nikaona trei. Basi.

Alhamisi, 26 Machi

Kesho ndiyo kesho. Mkuu kasema atawasha mashine ya mvuke mwenyewe, ndiyo kuaga kwake, tusimwingilie. Sisi tuguse mashine ya vidole kwa wakati, tumkute.

Mama kanipigia pasi sare mara mbili. Hakusema subira. Kasema, "Nenda kawaonyeshe."

Naogopa. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 27 Machi

Naandikia ukingoni mwa barabara, daftari kwenye goti. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja. Kutoka hapa hadi getini ni dakika kumi na mbili kwa baiskeli, nikikanyaga kwa hasira zote. Kwa hiyo nimekwisha. Alama ya tatu inaningoja na kalamu iko wazi.

Nieleze kwa mpangilio.

Nilifika saa kumi na mbili na dakika tano. Nikalaza baiskeli kila mahali. Nyekundu. Dakika ya tisa akaja Pafyumu, nikashukuru — nilishukuru kwa sauti! Akasimama. Nikahesabu tano. Arobaini. Mia. Nyekundu. Likaja gari la maziwa nyuma yake, bati tupu, chuma cha kutosha kujenga kanisa. Nyekundu! Wale wa lami waliuumiza waya, leo umekatika kabisa. Macho Matatu hamwoni tena mtu yeyote, tumekuwa sawa sote.

Pafyumu akashuka. Mara ya kwanza namwona amesimama kwa miguu yake pale ninaposimama mimi kila siku. Akaja mpaka nilipo, na ile harufu yake, akaniuliza — mimi! — kwa nini haibadiliki.

Nikamwambia subira yavuta heri.

Sijawahi kusema neno tamu kama lile. Nilimwangalia akiitazama saa yake, akiitazama taa, akikunja uso, nikasema moyoni haya, onja, onja na wewe.

Kisha akarudi kwenye gari, akawasha, akatoa kichwa dirishani.

"Dada, sogea. Mimi navuka."

Nikamwambia trei ya mifupa. Nikamwambia, wewe ulinishikia mpira wa maji. Uso ulimbadilika kidogo, naapa ulibadilika. Lakini akasema leo si siku ya hadithi, akaanza kusogea, pua ya gari inaingia barabarani kidogo kidogo, na mlimani malori yanashuka kama kawaida yao, madereva hawajui kwamba huku kuna watu.

Sikufikiri. Nikailaza baiskeli mbele ya matairi yake. Safari hii si kwa ajili ya taa.

Sasa anapiga honi. Wa maziwa naye anapiga, hajui hata sababu. Muuza magazeti anatukana, sijui anamtukana nani kati yetu. Nyuma hakurudiki, mbele nimeziba.

Na hesabu naijua vizuri. Mimi nikibaki hapa nina alama tatu. Yeye akichelewa ana moja. Cheo ni chake leo, aende asiende, na mimi ndiye nimekaa hapa chini nimemzuia asikifuate. Nikiondoa baiskeli atavuka. Labda atapita salama. Wengi hupita salama. Nikiacha ilipo, atanichukia mpaka astaafu, na atakuwa mkubwa wangu.

Najiuliza namwokoa au namkomoa. Najua tu kwamba raha ile ya tarehe kumi na saba siisikii.

Dakika ya ishirini na sita. Bado nyekundu. Lori limepita sasa hivi, lami mpya imetetemeka mpaka kalamu imeruka — tazama mstari huu.

Honi imenyamaza. Ya maziwa inaendelea, ya Pafyumu imenyamaza. Mlango wake umefunguka. Sijui anakuja kuiondoa baiskeli au anakuja kukaa. Sinyanyui kichwa. Harufu itaniambia amefika