Fundi Barafu, Hukupotea

Umetimia mwaka mzima tangu asubuhi ile ulipotoka nyumbani na kamba, pampu ya upepo na kipande cha plasta juu ya tangi la pikipiki, usirudi tena. Anayeandika ni mkeo. Sisi wengine tumemzunguka mezani, tunachungulia begani kwake na kumwambia apunguze ukali, maana tangazo la kumbukumbu si mahali pa kusutana. Amesema tumwache. Tumemwacha.

Ulikuwa fundi wa majokofu ya chanjo. Kwa miaka kumi na tisa ulizunguka zahanati ambazo gari la ofisi lilikuwa halifiki, umefunga kompresa nyuma ya pikipiki kwa mipira, unaimba ndani ya kofia ukidhani hakuna anayekusikia. Ukishatengeneza jokofu hukuondoka. Ulikaa kwenye benchi la wagonjwa ukisubiri kipimajoto kishuke, hata ikichukua nusu ya siku. Wauguzi ndio waliokupa jina la Fundi Barafu. Na kila ulipojaza mafuta ulipiga simu nyumbani kusema neno moja tu, "Nimefika," hata kama ulikuwa umefika kituo cha mafuta na si kwingine.

Njia zako uliziandika. Kabla ya kila safari ulikata plasta nyeupe ya hospitali, ukaibandika juu ya tangi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: kilomita 62, mnara, shika kushoto, kilomita 90, daraja jembamba, uliza mtu. Hakuna plasta iliyokosa "uliza mtu." Na kuuliza kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Ulimfundisha binti yako kwamba mgeni hamwulizi mwenyeji, "Hii ndiyo njia ya mahali fulani?" kwa sababu mwenyeji mwenye adabu ataitikia ndiyo ili asikuvunje moyo. Unamwuliza, "Ni ipi?" kisha unanyamaza. Halafu unamtafuta mtu wa pili, mbali na wa kwanza, unamwuliza vilevile. Plasta zilizokwisha kazi ulizibandika ndani ya mlango wa stoo mpaka rangi ya mlango ikawa haionekani.

Hukuwa adui wa GPS, kama wanavyosema sasa. Mjini uliitumia, tena vizuri, kutafuta ghala la vipuri kwenye mitaa ambayo kila jengo linafanana na jirani yake. Ulichokataa ni kuikabidhi akili yako. "Huyu mama anayesema ndani ya simu anajua njia iko wapi," ulimwambia mdogo wako. "Hajui kama leo ipo." Mdogo wako akacheka, kwa sababu alikuwa ameshajiunga na waheshimiwa.

Waheshimiwa ndivyo tunavyowaita hapa nyumbani. Kwenye fulana zao wamejipa jina refu lenye simba ndani yake. Ni watu wazima wenye pikipiki kubwa kuliko shughuli zao. Mkubwa wao anaitwa Kamanda, na hajawahi kulinda hata duka. Kila mmoja amefunga simu kwenye usukani na spika ndani ya kofia, wala hatoki getini kwake mpaka mama wa ndani ya simu amruhusu. Jua likikolea, simu zinachemka na kuzima. Hapo ndipo utakapowakuta wameegesha kivulini, majaketi ya ngozi mwilini, wanazipepea kwa kipande cha boksi kama watoto wenye homa.

Ulikwenda nao kwa sababu moja, nayo ni kwamba mama yako alikuomba. "Mdogo wako amenunua lile dude juzi tu," alikwambia. "Nenda naye, mwanangu, nijue yuko na mtu." Ukachukua likizo ya siku nne. Mlikuwa wanne: wewe, mdogo wako, Kamanda, na yule wanayemwita Mluzi, ambaye kazi yake ni kukubaliana na Kamanda.

Walirudi watatu. Mazishini Kamanda alishika kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa. "Fundi alikuwa mtu mwema lakini mkaidi," alisema. "Tulimwambia afuate ramani, akakataa, akatuacha, akapotea, akaingia mtoni peke yake. Sisi tulikuwa tumeshafika tunakokwenda, ikabidi turudi kumtafuta. Ndugu zangu, angefuata ramani tungekuwa naye leo." Watu wakatikisa vichwa. Mdogo wako alisimama nyuma yake akiangalia viatu vyake mwenyewe.

Nasi tuliamini. Hilo tunalikiri mbele ya kila anayesoma hapa. Mama yako alilia akisema ubishi ulikuanza utotoni. Mkeo alikulaumu miezi kumi na mmoja, kila alipofungua macho, kwa hasira ya mtu aliyeachwa kwa jambo la kipuuzi. Na binti yako, uliyemfundisha njia, alichukua kisu cha mezani akakwangua plasta zote mlangoni, moja baada ya moja. Tangu hapo mtu akimwuliza baba yake alikufaje, alijibu, "Alipotea," akainamisha uso. Alikuwa anakuonea haya.

Mwezi uliopita Kamanda alitangaza msafara wa kukuenzi. Fulana zimeshachapwa, sura yako kifuani, na chini yake maneno ANGEFUATA RAMANI. Ili kuwatia watu hamu, akarusha kwenye kundi lao la simu picha ya safari yenu ile kama ilivyojihifadhi yenyewe, kwa kuwa waheshimiwa hawa huhesabiana kilomita kama watoto wanavyohesabiana gololi. Ni mistari mitatu juu ya ramani, mmoja kwa kila simu yao, na saa imeandikwa pembeni ya kila waliposimama. Hakuisoma. Aliangalia jumla ya kilomita tu. Alisahau kwamba mkeo bado yumo kwenye kundi hilo tangu siku za rambirambi, na kwamba ni karani wa masjala. Miaka kumi na minne kazi yake ni kufungua majalada na kugundua tarehe inayodanganya.

Mistari yote mitatu inaacha lami saa tano na dakika arobaini asubuhi na kushika njia ya mkato. Saa saba inafika mtoni, inasimama. Haisogei mpaka saa kumi na mbili kasoro, jioni. Wa Kamanda hausogei tena kabisa. Kule kwenye nyumba ya wageni mliyopanga kulala, ambako walikuwa "wameshafika," hakuna mstari uliogusa mchana kutwa.

Mkeo akaipigia nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alifungua daftari la wageni akamsomea: saa nane kasoro robo, jina lako, mwandiko wako, vitanda vinne, chai ya watu wanne.

"Namkumbuka," alisema yule mama. "Alikaa barazani akiangalia barabara. Saa kumi akainuka, akaniambia niifunike chai isipoe. Akasema, 'Hawa wamefuata simu. Naenda kuwachukua.'"

Mkeo aliweka simu chini, akaenda jikoni, akakaa sakafuni. Alipoweza kusimama alimpigia Kamanda.

"Shemeji, mambo ya ramani ni ya kitaalamu," Kamanda alimwambia. "Ile mistari huwa inateleza."

"Imeteleza yote mitatu, ikaangukia mtoni, ikakaa humo karibu masaa matano? Mlikuwa mnaoga?"

"Shemeji, tusiiharibu siku ya marehemu."

"Siku ipi? Ile aliyokufa, au hii mliyoichapishia fulana?"

Akakata. Dakika mbili baadaye alikuwa amemtoa mkeo kwenye kundi. Angalau njia hiyo Kamanda aliipata bila kuelekezwa.

Jumapili iliyopita mdogo wako alikuja bila kuitwa. Mama yako hakumwonyesha kiti. Alisimama karibu na kabati la vyombo, akasema yote. Mlipofika njia panda ulisimama, ukawaonyesha mawingu yaliyokuwa milimani, ukasema kule mtoni leo hapapitiki. Mama wa ndani ya simu akasema njia ya mkato inaokoa dakika hamsini. Kati yako na yule mama, wakamchagua yule mama. Ukawaambia mtakutana kwenye chai, ukashika njia ndefu. Wao walizama kwenye mchanga katikati ya mto, maji yakiwa bado ya kifundoni, wakakazana kuyanasua yale mapikipiki mpaka maji yakaanza kupanda na kuwazunguka. Simu zilikuwa na mtandao muda wote. Kamanda alikataza mtu yeyote kukupigia, usije ukawacheka.

"Asingecheka?" mama yako aliuliza.

"Angecheka, mama. Angecheka, halafu angekuja."

"Na alikuja."

"Alikuja. Hatukumpigia, na alikuja."

Binti yako alikuwa amesimama mlangoni pa chumba muda wote huo, hatukujua. "Baba mdogo," alisema, "wewe ulitolewa wa ngapi?"

Mdogo wako alishika ukingo wa kabati, vikombe vikalia. "Wa kwanza."

"Halafu?"

"Halafu Mluzi. Kamanda hakutaka kuiacha pikipiki, alisema simu yake iko kwenye usukani. Baba yako akarudi kumfuata. Kamba ilikuwa moja. Akamfunga yeye, akatupungia mkono tuvute. Tukavuta. Tulipomfungua Kamanda ili turushe tena kamba, pale alipokuwa baba yako palikuwa maji matupu."

Kabla watu hawajafika pale ukingoni, Kamanda alisema kwamba wakisema kweli wataonekana wajinga. Mdogo wako aliitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo sababu yote, Fundi, tumeitafuta nyingine hatukuiona. Hawakuogopa jela wala Mungu. Waliogopa kuchekwa, na kwa kuogopa kuchekwa wakamfanya mtoto wako amwonee haya baba yake mwaka mzima. Tunawadharau kwa hilo, na tunaandika neno hilo kwa utulivu, baada ya kulifikiria.

"Kwa hiyo baba hakupotea," binti yako alisema.

"Hakupotea," mdogo wako alimjibu. "Alijua tulipo kabla hatujajua wenyewe."

Waheshimiwa, kama na nyinyi mnasoma: Jumamosi kaeni majumbani kwenu. Hatutaki msafara wala honi mbele ya geti letu. Zile fulana kateni sehemu yenye sura yake mtuletee, inayobaki itafaa kupangusia mnyororo. Na wewe Kamanda, ukitaka kuja peke yako, bila fulana na bila kipaza sauti, useme kwa mdomo wako yale aliyoyasema mdogo wake Fundi, nyumba unaijua. Ukiisahau, uliza mtu.

Fundi, mkeo anakuomba radhi. Miaka kumi na saba ulitoka na kurudi na hakuwahi kukuuliza unajuaje njia. Siku uliyoshindwa kurudi, akaja mtu akaongea kwa uhakika, naye akaifuata sauti hiyo bila kumwuliza mtu wa pili. Anasema waheshimiwa hawamzidi kwa ujinga kiasi anachotamani. Tumemwambia aifute sentensi hiyo, ameikataa.

Mdogo wako aliomba asitajwe katika orodha ya wanaokukumbuka. Hapo binti yako akaichukua kalamu mkononi mwa mama yake, akasema baba hakumtoa mtu majini ili akajifiche, akamwandika yeye mwanzo.

Wanaokukumbuka ni mdogo wako, mama yako mzazi, mkeo, binti yako, dada zako wawili na waume zao, na wauguzi wa zahanati zote ulizozifikia.

Maadamu tupo, Fundi Barafu, hutatutoka moyoni.