Waliolala Nyumba ya Sita: Kumbukumbu za Kikao cha Tatu cha Kamati ya Mti wa Ukoo

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma ya ofisi ya parokia.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti: mwalimu mstaafu, mtoto wa kwanza wa marehemu Kaka Mkubwa
2. Katibu: mdogo wake Mwenyekiti, baba mmoja mama mmoja
3. Mhazini: Mama Pacha, mjukuu wa Shangazi
4. Shangazi: dada wa marehemu Kaka Mkubwa, na mkubwa wetu sote aliyebaki

MWALIKWA
Sista, mtunza nyaraka wa parokia

WASIOHUDHURIA
Dereva (yuko safarini)
Kinyozi (hakutoa sababu, na hakuna aliyeshangaa)

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuchelewa, kwa sababu Sista alikataa kuweka vitabu mezani mpaka vikombe vya chai viondolewe, kalamu za wino zirudi mikobani na kila mjumbe anawe mikono na kuikausha. Mwenyekiti alisema yeye amefundisha maisha yake yote na anajua kushika kitabu. Sista alimjibu kwa upole kwamba ndoo iko nyuma ya mlango. Mwenyekiti alinawa.

Palikuwa na joto. Mapazia yalifungwa ili jua lisiguse karatasi, pangaboi lilizunguka kivivu, na harufu ya vitabu vya zamani ilileta usingizi mtamu. Katibu anaandika hili kwa sababu wajumbe wawili walipiga miayo kabla ya ajenda ya kwanza, na lawama isije ikatupiwa ajenda.

KUMB. NA. 2/3: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA (BABU MDOGO)

Ilikumbushwa kwamba kikao kilichopita kilimkuta mwanamume mmoja, mwashi, ameandikwa chini ya Babu, baba yao Kaka Mkubwa na Shangazi, katika kitabu cha sensa ya parokia. Kamati ilipitisha kwa kauli moja kuwa ni mdogo wake Babu, akaitwa Babu Mdogo na akachorewa tawi lake.

Sista alieleza kwamba sensa hiyo haikuwa ya ukoo. Padri alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kila mwaka na kuandika kila roho inayolala humo, awe ndugu au si ndugu. Mwashi alikuwa mpangaji.

Mama Pacha alisema kamati ielewe kuwa pacha wake mmoja amepewa jina la huyo Babu Mdogo, na sasa angependa kujua mwanawe amerithi nani. Mwenyekiti alisema amerithi fundi. Shangazi alikumbusha kwamba tangu kikao cha kwanza alisema yule ni mpangaji, mwenye kikohozi na viatu vikubwa, akaambiwa anaota. Kumbukumbu za kikao hicho zilipekuliwa. Ni kweli alisema, na ni kweli aliambiwa.

AZIMIO: Mwashi aondolewe kwenye mti. Jina la pacha lisiguswe, kwani mtoto ameshaanza kuitika.

KUMB. NA. 3/3: OMBI LA SHANGAZI

Shangazi aliomba, kama alivyoomba katika vikao vyote, mdogo wake aandikwe kwenye mti. Alisema alimfuata yeye kuzaliwa, walilala mkeka mmoja, na alikufa kabla hajajua kusema maneno mengi.

Mwenyekiti alieleza, kama alivyoeleza katika vikao vyote, kwamba kitabu cha ubatizo kinaonyesha Babu, Bibi, Kaka Mkubwa na Shangazi wakibatizwa siku moja, na hakuna mwingine. Alisema pia kwamba marehemu baba yake, aliyekuwa mkubwa na mwenye akili timamu, alikana siku zote kuwepo kwa mtoto huyo, akisema dada yake aliugua homa utotoni na akaota. Mwenyekiti alisema anamheshimu sana Shangazi, lakini ukoo hauwezi kupanda ndoto ukategemea kivuli.

Mama Pacha alisema kamati iliyompandisha mpangaji juu ya mti bila kupepesa macho isijifanye kali leo. Alisema mjomba wake ana haki ya kumtetea baba yake, ila asifanye hivyo kwa kumgeuza Shangazi, bibi yake yeye, mwongo. Mwenyekiti alimtaka afute neno hilo. Mama Pacha alisema amelitamka tu, wengine walilifikiria kabla yake. Kwa muda wajumbe walizungumza wote kwa pamoja na Katibu akaweka penseli chini.

Shangazi alisubiri watulie, kisha akasema:

"Mimi sitafuti kushinda, wanangu. Baba alikwenda, mama alikwenda, kaka naye kaenda. Nikifa na mimi, hakuna mtu atakayejua kama yule mtoto alikuwepo. Ndiyo shida yangu, hiyo tu."

Hakuna aliyeomba neno lifutwe.

KUMB. NA. 4/3: KUPITA MTAA

Sista aliuliza kwa nini kamati haijawahi kuomba kitabu cha sensa cha mwaka uliotangulia ubatizo. Mwenyekiti alijibu kwamba ukoo uliingia kwenye vitabu vya kanisa siku ulipobatizwa, na kabla ya hapo hakuna cha kutafuta. Sista alisema padri aliwaandika hata waliokuwa bado wanajifunza dini. Akatoa kitabu chini ya vingine. Alikuwa amekuja nacho.

Kabla hakijafunguliwa, Mwenyekiti alitaka Shangazi aseme kwanza anachokikumbuka, asije mtu akadai kwamba alilishwa maneno. Mama Pacha alinuna. Shangazi alikubali, akavua kandambili zake na kufumba macho.

Alisema padri alianzia kwenye bomba la maji. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi viatu, mke wake, na mama mkwe asiyeona aliyejua watu kwa miguu yao. Sista alifuatisha kwa kidole na kusema ndiyo. Ya pili ilikuwa ya wajane wawili, dada, waliokosana wakagawana chumba kwa pazia. Sista alisema wajane wapo, pazia halikuandikwa. Katika ya tatu alilala mlinzi wa ghala mchana kutwa, ndiyo maana padri alinong'ona pale na watoto waliomfuata wakanong'ona pia. Ndiyo, alisema Sista, naye akiwa amepunguza sauti. Ya nne Shangazi hakumkumbuka mtu, alikumbuka harufu ya gundi tu. Kitabu kilisema seremala. Ya tano haikuwa na mtu. Ukurasa ulikuwa na namba ya nyumba, na mbele yake mstari mtupu.

Pangaboi lilikuwa bado linazunguka lakini Katibu hakulisikia. Hakuwa amezaliwa wakati huo, wala mtaa huo haupo tena, lakini aliona wazi pindo la kanzu ya padri likikokota vumbi kutoka mlango hadi mlango, na angependa kamati ipokee alichokiona bila kumdai ushahidi. Mama Pacha alikuwa amesahau kununa. Mwenyekiti alikuwa ameinama mbele kama mtu anayechungulia dirishani.

Shangazi aliingia nyumba ya sita. Alisema baba na mama wako nyuma ya kitambaa, mpangaji yuko karibu na mlango na viatu vyake, na watoto wako kwenye mkeka.

"Kaka huku nje," alisema, akionyesha kwa mkono macho yakiwa yamefumbwa. "Mimi katikati. Na yule mdogo ukutani. Hapati usingizi mpaka aweke kiganja kwenye ukuta."

Sista alisoma. Nyumba ya sita: mume, mke, mpangaji mwashi, mvulana, msichana, na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Wote wanajifunza dini isipokuwa huyo mdogo. Mahali pa jina lake palikuwa na doa la unyevu na hapakusomeka.

Kitabu cha mwaka uliofuata kilifunguliwa. Mtoto hakuwemo.

KUMB. NA. 5/3: KAULI YA MWENYEKITI

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Katibu alitarajia kwamba ataomba kikao kiahirishwe, kwa kuwa ndivyo anavyofanya akizidiwa. Hakuomba. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema:

"Baba alilala ukingoni mwa kitanda maisha yake yote. Upande wa ukutani hakulala, na mama hakuruhusiwa kulala. Tulidhani anaogopa mijusi. Hata hospitali, siku zake za mwisho, alikuwa anajisogeza ukingoni mpaka manesi wakaogopa ataanguka. Nikamwambia, baba, sogea, nafasi ipo. Akaniambia, hiyo si yangu."

Katibu alithibitisha. Alipokuwa mtoto alipitiwa na usingizi upande huo mchana mmoja. Baba hakumgombeza. Alimbeba akamlaza kwingine, kisha akanyoosha shuka pale alipotoka.

Shangazi alieleza kwamba mtoto alipokufa, mama yao alikaribia kupotewa na akili kila alipomsikia anatajwa, na baba yao akapiga marufuku asitajwe tena ndani ya nyumba. Alisema kaka yake alikuwa mtoto mtiifu, akatii mpaka kaburini, na yeye hamlaumu. Alisema kwa miaka yote hiyo alidhani amebaki peke yake kumkumbuka, kumbe walikuwa wawili. Hapo Shangazi alilia, na Mwenyekiti alihama kiti chake akaenda kukaa karibu naye.

AZIMIO: Mtoto aandikwe. Kuhusu jina, Shangazi alisema amelitafuta usiku na mchana na halipati, ila nyumbani walimwita Kadogo. Mwenyekiti alisema hilo linatosha.

Katibu alielekezwa kusoma tawi lilivyorekebishwa. Alisoma: "Watoto wa Babu na Bibi: Kaka Mkubwa, Shangazi, Kadogo. Watatu."

Shangazi aliomba lisomwe tena. Lilisomwa. Aliomba tena, na Mwenyekiti, ambaye hakupenda kurudia jambo hata darasani, alichukua karatasi mkononi mwa Katibu akasoma mwenyewe.

KUMB. NA. 6/3: KUFUNGA

Hapakuwa na mengineyo, au kama yalikuwepo hakuna aliyeyataka. Sista alifunga vitabu, mapazia yakafunguliwa, na kikao kikaisha saa kumi na robo jioni.

Mwenyekiti, mtoto wa Kaka Mkubwa: ..............................

Katibu, mdogo wake: ..............................