Shubiri ya Mlangoni kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungulia kuku, kisha nimekagua shubiri. Chini imelainika. Mvua ya juzi ilimwagika kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi mkebeni, nami nilikuwa soko la Ndhiwa nikibishania bei ya omena. Nimejikasirikia siku nzima.

Niliing'oa kisiwani Mfangano, mlangoni kwa mama, mwaka ule ziwa lilipopanda likameza boma. Mama alikuwa ameshatuacha. Nyingine zote zilibaki majini. Hii ndiyo ya mwisho.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata mizizi iliyooza. Yamebaki majani manne. Nimeilaza kivulini ikauke kidonda. Maji sitaipa, hata inililie.

Ijumaa, 7 Machi
Binti yangu Atieno amefika kutoka Migori na mwanawe Otis. Mtoto ana miaka miwili na bado ananyonya. Jumatatu Atieno anaanza kazi, Otis atabaki kwangu. Lazima aachishwe.

"Mama, nipee tu jani moja ya ogaka nipake matiti. Moja tu, jameni."

Nimemwambia akaombe shubiri kwa majirani. Akasema majirani ndio huja kuomba kwangu. Kweli. Na huwa nawanyima.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeipanda kwenye mchanga na kokoto. Imesimama kilevi-levi. Nikiikata sasa nitaiua.

Otis amelia tangu asubuhi. Atieno hanisemeshi. Na asinisemeshe.

Mama hakuwa akiibembeleza ogaka. Kuku wakiugua, alikata, akatia kwenye maji yao. Mtoto akiungua, alikata. Sisi saba alituachisha wote kwa hiyo hiyo. Ilijaa makovu na haikufa. Nimemkumbuka mama leo, hadi ukali wake.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimekata jani moja, la chini. Atieno akajipaka. Otis akanyonya mara moja, akatema, akamtazama mamake kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu. Kisha akanikimbilia mimi. Tulicheka. Nililia pia, kidogo.

Jumatano, 26 Machi
Atieno yuko kazini. Otis amekunywa uji, akaongezwa.

Nimeisukuma shubiri kwa kidole. Haikuyumba. Imeshika. Jani moja lilikuwa limechubuka, utomvu ukanibaki kidoleni. Nikauonja. Uchungu ni ule ule wa mlangoni kwa mama.

Otis aliniona, akakunja uso.