Jua la Kwenye Chupa

Jumanne, 3 Juni 2025

Kliniki. Mimba miezi sita. Nimefika na mwavuli, kofia pana, mikono mirefu, soksi. Wanawake kwenye benchi wakanikodolea macho, kawaida yao. Nikawasalimia kwa sauti kubwa. Wakashtuka! Ndiyo, albino anasalimia.

Sista Theopista akaniona ninavyoinuka kwa kushika ukuta. Akauliza nyonga zinauma tangu lini. Nikamwambia tangu mimba ya kwanza, si ndivyo mimba zilivyo? Akasema sivyo. Akauliza kuhusu jua. Nikacheka. Sista, mimi na jua ni maadui toka nizaliwe! Nashona ndani, pazia limeshushwa, natoka likishazama.

Hakucheka. Akauliza mtoto wa kwanza alikufaje. Nikamwambia. Elias wangu. Siku ya tisa, degedege, saa kumi jioni.

Akaenda kumwita daktari. Wamenitoa damu, inapelekwa Mwanza. Naogopa.

Jumatano, 25 Juni

Majibu yamekuja. Vitamini D sina. Yaani ipo kidogo mno, daktari alisoma karatasi mara mbili.

Kumbe! Kumbe mwili unaitengeneza wenyewe, kwenye ngozi, jua likiipiga. Ngozi! Hii niliyoifunika miaka thelathini na moja. Bila hiyo vitamini madini ya mifupa yanapita tu mwilini, hayashikwi. Na mtoto anachukua akiba yake kwangu. Nikiwa sina, naye hana. Anaweza kupata matege. Wengine wanapata degedege.

Nikauliza: na Elias? Daktari akaiweka karatasi mezani. Akasema hawezi kuapa, hakumpima. Ila inawezekana.

Miaka mitatu mtaa mzima wa Majengo unasema nimelogwa. Wengine wanasema ngozi yangu ndiyo imemuua, na mimi usiku nilikuwa nawaamini. Nimelia mpaka daktari akatoka nje kunipisha.

Dawa yenyewe ni matone, kila siku. Si wajawazito wote wanapewa, wengi jua linawatosha. Mimi nina sababu yangu. Duka la dawa pale Kashaulili hawana, wameagiza.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefanya ujinga.

Matone hayajaja. Nikaona mtoto anakaa humo na njaa ya jua, na mimi mama yake nimelifungia mlango. Saa sita mchana nikatoka uani. Nikavua kofia. Nikafunua tumbo, nikakaa juu ya ndoo. Dakika arobaini hivi. Nilikuwa naongea naye — kunywa, mwanangu, kunywa.

Sasa tumbo jekundu, malengelenge. Luhende amerudi kazini kamkuta mke wake amelala chali na kitambaa cha maji. Hakunigombeza. Amekaa ananipepea na mfuniko wa ndoo, machozi yanamtoka. Bora angenigombeza.

Jumapili, 29 Juni

Sista Theopista amekuja mwenyewe baada ya misa, chupa mkononi. Kaliona tumbo — hapo ndipo nilipogombezwa sasa! Eti nataka nimpe mtoto mifupa, mwenyewe nibaki na kansa? Akanisukumia chupa. Jua lako limo humu, dada. La nje waachie wenzako.

Chupa yenyewe ndogo, hata ile ya mafuta ya cherehani inaishinda. Nimeiinua dirishani. Matone hayana rangi, hayana harufu. Nimeyadondosha kwenye kijiko. Mungu wangu! Jua lile linalopasua ardhi ya Katavi, lililonibabua tangu utoto, nimelimeza. Na halikuniunguza.

Nimekaa kitandani muda mrefu nikisikiliza tumbo.

Jumamosi, 19 Julai

Mama mkwe, Nyanzala, amekuja kutoka Mwamkulu na maziwa. Nilitaka kuficha chupa, nikaogopa atasema dawa za mjini zinaharibu mimba. Luhende mropokaji kashasema yote.

Mama kaigeuza chupa, kainusa. Kisha akasema: ndama. Ndama akifungiwa bandani gizani miguu inalegea, anayumba kama mlevi. Ndiyo maana wao wanamtoa asubuhi. Nikamwuliza, mama, sasa mbona hukuniambia na mtu ni hivyohivyo? Tukacheka wote.

Halafu akaacha kucheka. Akaiweka chupa mezani polepole. Elias, akasema. Ni mama huyuhuyu aliyetuamuru tusimtoe mtoto ndani siku arobaini, asipatwe na jicho baya. Mwanangu, mimi ndiye niliyemfungia.

Nikamshika mikono. Nikamwambia hapana mama, alizaliwa akiba hana, siku tisa si kitu. Sijui kama kanisikia. Kaenda uani kuosha vyombo visafi.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nimeinuka kwenye cherehani bila kushika ukuta! Nikakaa tena. Nikainuka tena. Mteja akauliza kama mimi ni mzima. Mzima, mama, mzima kabisa!

Jumatano, 10 Septemba

Amezaliwa juzi Jumatatu, alfajiri. Msichana. Mweusi! Mweusi wa baba yake, kama chungu kipya. Nimemkagua kila kidole. Miguu — nimeinyoosha, nimeikunja, nimeibusu. Siamini imetoka kwangu, mtu wa kivulini mimi.

Daktari kampa na yeye matone yake. Jina bado. Hakuna anayelitaja. Najua wote tunasubiri siku gani.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijalala. Akipiga chafya nakurupuka. Luhende naye. Tunagongana vichwa juu ya kitanda cha mtoto.

Jumanne, 16 Septemba

Siku ya tisa.

Saa moja na nusu asubuhi mama kaingia, kamchukua mtoto mikononi mwangu bila kuuliza. Kamfungulia kanga. Nikamwambia mama, arobaini bado! Akasema arobaini alishaifanya mara moja. Kamtoa nje.

Amekaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha, mtoto juu ya mapaja na nepi tu. Jua limemwagika juu yake. Jirani kachungulia kwenye wigo. Mama kamwambia njoo umwone, njoo, mtoto mzuri huyu! Yeye, aliyekuwa anaogopa jicho!

Mimi niko mlangoni, ndani, kivuli kinapoishia. Naandikia hapahapa, nimesimama. Mwanangu yuko hatua nne tu, mahali nisipoweza kukaa. Anang'aa. Sijawahi kuona jua likimpenda mtu hivyo.

Sasa hivi karusha mikono juu, yote miwili, kaikaza. Degedege! Nikapiga kelele. Mama kanitazama, kasema kashtuka tu, ni inzi. Kaishika ile mikono mpaka ikalegea.

Inzi. Mama kasema ni inzi.

Saa mbili. Saa kumi jioni bado mbali. Jua limesogea sakafuni mpaka kwenye kidole changu cha mguu, na sijarudi nyuma. Nahesabu pumzi zake nikiwa hapa. Sasa anarusha miguu — mmoja, mwingine, mmoja —