Gauni la Fulana ya Kijani

Kaka,

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wanasema. Leo nimeiona ikisitiri, tena vizuri.

Chai iko kwenye chupa. Mwanao yuko kwa mama jirani, mfuate saa kumi. Ukiona gauni kama limegeuzwa, liache hivyo hivyo: mishono nimeiweka nje makusudi, isimkwaruze.

Ndiyo, gauni. ~~Samahani, nimekata fulana yako ya kijani.~~ Nimekata fulana yako ya kijani, ile uliyoifua miaka tisa mpaka ikalainika. Asubuhi binti yako alijikunja tena nyuma ya mlango, analia kwamba kila nguo inamuuma. Ungefanyaje? Nikamlaza juu ya fulana, nikamchora kwa chaki.

Kwanza nilishona mshono ulionyooka, mjinga mimi. Alipoingiza kichwa kitambaa kikavutika, uzi ukakatika, pa pa pa! Nikafumua, nikashona zigizaga, uzi uvutike pamoja na kitambaa.

Akavaa. Kaka, akanyamaza. Akainua mikono, akajizungusha, akajipapasa tumbo kama anatafuta kitu.

"Shangazi," akaninong'oneza, "gauni halipo!"

Miaka minne tunamvisha kwa vita. Nilikaa sakafuni, mkasi mkononi, nikimtazama.

Ile fulana yako ya bluu umeificha wapi? Naitaka kesho. Na hiyo samahani niliyoifuta, usijifanye umeiona. Siombi radhi.

Shangazi mtu