Mkeka wa Sagal na Karatasi ya Ijumaa

Mpendwa Shangazi Arbia, nakuandikia nikiwa na hasira na aibu pamoja, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kusaini karatasi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Elwak, kwa wafugaji wa kaskazini, mzaliwa wa Kitui, na darasani kwangu kuna msichana anaitwa Sagal aliyeanza shule akiwa mkubwa baada ya miaka ya kuchunga mbuzi, Kiswahili kinamsumbua na ubaoni alikuwa hafungui mdomo, basi siku moja nikawaambia wanafunzi walete chochote kilichosukwa nyumbani, mimi nikaleta kiondo cha mama yangu, Sagal akaleta mkeka wa bibi yake wa kufunikia nyumba ya kuhama, rangi nyeusi inarudi kila mstari wa sita, nyekundu kila mstari wa nane, nikauliza zitakutana wapi, na kabla sijageukia ubao Sagal ameshaweka kidole kwenye mstari wa ishirini na nne, akacheka, Shangazi, darasa zima likasogea kumtazama, na tangu hapo tukawa tunasuka na kuhesabu, hata wavulana.

Ndipo mzee Billow, babake mwanafunzi wangu Ayanle, akaja shuleni. "Mwalimu, mkeka ni kazi ya mama. Kijana yangu wewe nafanya mwanamke?" Mwalimu mkuu akasema nisaini ahadi ya kuacha kazi za mikono au niombe uhamisho. Sitaki! Hesabu ile ni hesabu. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki hiyohiyo mkaguzi alikuja, nikaogopa, nikamwambia Sagal mbele ya wenzake, "Toa hiyo takataka." Aliukunja mkeka wake polepole. Hajauleta tena, hasemi tena, na nasikia anataka kurudi kwa mbuzi. Nisaini au nisisaini?

Mwalimu Kasyoka, Elwak

*

Kasyoka abaayo, dada yangu, umeuliza swali dogo na kubwa umelificha chini yake. Karatasi usisaini. Wakitaka kukuhamisha, wakuhamishe kwa kalamu yao, si kwa yako.

Sasa nikugombeze. Takataka? Mkeka huo umekinga watu jua na mvua, umepanda ngamia na kushuka, kabla wewe hujajua kuzidisha. Bibi huyo labda hajaandika namba hata moja, na mstari hakukosea. Wallahi nimekasirika. Nakuonea huruma pia, najua mkaguzi anavyotisha akishika faili, lakini mtoto alikuamini akakuletea nyumba yao. Ulimwaibisha mbele ya darasa, basi mtake radhi mbele ya darasa hilohilo, kesho asubuhi.

Masomo yakiisha, nenda kwa bibi yake. Vua viatu, keti chini, mwombe akufundishe mstari wa kwanza, Sagal awe mkalimani. Utakosea na watakucheka. Kubali kuchekwa, kisha uombe mkeka urudi shuleni.

Mzee Billow mimi simwogopi, ni watu wangu hao. Muulize kamba ya kufungia mzigo wa ngamia inasokotwa na nani. Wanaume! Aje na yake, ahesabu nyuzi na mizunguko mbele ya mwanawe. Asipokuja, Ayanle aendelee kusuka, vidole havitamdondoka.

Na mkaguzi akirudi, akauliza mkeka unafanya nini darasani, wewe nyamaza. Mpe Sagal chaki.