Jani la Mshelisheli

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Huku Mpendae sote wazima, na mama yako mdogo kashajifungua mtoto wa kiume.

Umeniuliza lini nilijijua kuwa mimi fundi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, vitu vilipoadimika, nilifanya kazi na babangu, sonara wa mjini. Bibi harusi alitaka kidani chenye umbo la jani la mshelisheli, na madini ya fedha yalitosha kumimina mara moja tu. Nikalichonga jani kwa nta.

"Jembamba mno," baba akasema. "Fedha haitafika nchani. Linenepeshe."

"Itafika, baba. Jani ndivyo lilivyo."

Baba akalichukua jani lilivyo. Akalifunika kwa udongo, akauchoma mpaka nta ikatoka yote, akamimina fedha iliyoyeyuka pale nta ilipokuwa. Tulipouvunja udongo, jani lilikuwa zima mpaka nchani.

Baba alicheka kwa furaha. Mimi nilishajijua tangu pale nilipomjibu, nta ingali mkononi.

Bibi yako,
Zuhura